Wapekuzi Kwenye Ofisi ya Mama Kethia

Kazi ya Clothilde ilianza kabla watu wengi wa Fort Worth hawajamaliza kahawa yao. Alikaa mezani, simu moja sikioni na nyingine mkononi, akiwatuma madereva. Wewe nenda kwa bibi wa Arlington. Wewe mpeleke mzee hospitali, na usisahau kiti chake cha magurudumu. Wewe geuka, mgonjwa amebadilisha saa.

Kampuni yake iliitwa Mutambala, jina la mto wa kwao Fizi, mashariki mwa Kongo. Ilibeba wagonjwa wasioweza kuendesha gari, na serikali ndiyo iliyolipia safari zao. Wengi walikuwa wagonjwa wa figo waliokwenda kliniki kusafishwa damu. Mgonjwa wa namna hiyo akikosa safari, mwili unavimba, pumzi inakuwa nzito, na anaweza kufa. Kwa hiyo Clothilde hakuwa na mchezo na kazi yake. Dereva aliyechelewa alisikia maneno ambayo hakuyasikia hata kwa mama mkwe.

Mumewe, Tharcisse, alitengeneza magari. Mapokezini alikaa Emérance, mama wa Kirundi mwenye maneno mengi na moyo mkubwa. Hakuna mtu aliyeingia ofisini pale akatoka bila kunywa kitu. Wote walimwita Clothilde Mama Kethia, kwa jina la binti yake.

Siku moja ilikuja simu kutoka Houston. Aliyepiga alikuwa Nestor, rafiki yao tangu kambi ya wakimbizi. Naye alikuwa na kampuni ya kubeba wagonjwa.

"Mama Kethia, wapelelezi wa serikali walikuja kwangu," alisema. "Bila simu, bila taarifa. Walikuja asubuhi, wengi, wakasema wanapekua ofisi."

"Uliiba nini, Nestor?"

"Sikuiba kitu. Walitaka kujua habari za safari zetu, na safari zilikuwa sawa. Lakini nilipowaona mlangoni, niliogopa. Nikaingia chooni na simu, nikafuta ujumbe wote wa madereva."

"Juu ya nini ulifuta?"

"Sijui. Niliogopa tu. Sasa wakili ananiambia safari si tatizo tena. Nashitakiwa kwa kufuta. Wanasema niliharibu ushahidi. Naweza kufungwa, Mama Kethia, kwa kosa nililolifanya chooni."

Clothilde alikata simu. Alimjua Nestor. Ni mtu wa kurudisha hata kijiko cha jirani. Kama Nestor anaweza kufungwa, nani atasalimika? Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Mchana alimweleza mumewe. Tharcisse alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Sisi tuko safi," miguu ilijibu. "Tusijitafutie maneno. Mtu anayejiandaa kwa polisi, huyo iko na kitu anaficha."

"Na mtu anayefunga mkanda wa gari, huyo anataka kugonga?"

Miguu ilijivuta zaidi chini ya gari. Clothilde akaenda zake. Alikuwa ameshaamua. Kampuni hii aliijenga kwa miaka ya kusafisha vyumba vya hoteli na kupanga maboksi usiku ghalani. Haitakufa kwa sababu ya dakika moja ya woga.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwemo bibi mmoja Mkamba kutoka Kenya, aliyeishi Arlington. Mwanawe, Mutuku, alikuwa wakili wa makampuni. Clothilde alimpigia, akamweleza yote ya Nestor. Mutuku hakucheka wala hakumtisha.

"Umefanya vizuri kunipigia kabla," alisema. "Wengi hunipigia wakati maafisa wako ndani tayari. Jumapili mkitoka kanisani, kusanya watu wako ofisini. Usiwaambie nitafanya nini. Waambie nakuja tu."

Jumapili ilifika. Emérance alitoka misa na sufuria ya pilau. Wilondja, dereva wa siku nyingi kuliko wote, alikuja na suti yake ya kanisani. Clothilde alivaa kitenge kipya. Walikaa wakimsubiri wakili.

Mlango uligongwa kwa nguvu. Mutuku aliingia na koti jeusi na uso ambao hawakuuzoea.

"Mimi ni mpelelezi wa serikali," alisema. "Tuna hati ya upekuzi. Kila mtu abaki alipo."

Wote walimjua. Wengi walikuwa wamemwona akimshusha mama yake garini. Lakini ngoja uone mambo.

Emérance alisimama, akatabasamu. "Karibuni, mukae. Mutakunywa Fanta ao chai? Bosi ni yule pale. Huyu mume wake. Jana gari moja ilichelewa, lakini si kosa letu, ni ile kliniki, mimi sikuwahi kuiamini ile kliniki."

Tharcisse alisogea taratibu, akampa wakili mkono. Ndani ya kiganja kulikuwa na noti iliyokunjwa. "Ya soda, chef," alinong'ona.

Wilondja hakuonekana. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Walimpata baadaye ng'ambo ya barabara, nyuma ya duka la matairi, suti imechafuka magotini. Hakuweza kueleza amefikaje pale. Hakuna aliyemcheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mle ndani wote walikuwa wameumwa.

Clothilde alishika kiuno. Hasira ilimpanda. Yaani yeye ndiye aliyetafuta wakili, na watu wake wanamwaibisha namna hii.

"Mama Kethia," Mutuku aliuliza polepole, "simu ya ofisi iko wapi?"

Clothilde alitazama mezani. Simu haikuwepo. Alitazama kwenye kiti, chini, kwenye droo. Kisha akahisi kitu kigumu tumboni. Simu ilikuwa ndani ya kitenge chake, imefungwa fundo, imebanwa vizuri kama pesa za soko. Hakukumbuka kuifunga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Aliketi. Kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa kweli.

"Mama yangu alifanya hivyo," alisema. "Askari wakija kijijini, anafunga karatasi zetu na pesa kwenye kitenge. Wanapekua nyumba, hawapati kitu. Zile karatasi ndizo zilitufikisha kambini. Tusingekuwa nazo, tusingekuwa hapa."

Mutuku alivua koti lile jeusi, akavuta kiti karibu naye.

"Mama yako alifanya sawa," alisema. "Kule mkono huo uliwaokoa. Hapa mkono huohuo utakufunga. Lazima tuufundishe upya, na tutaufundisha."

Walikula pilau kwanza. Emérance hakukubali mtu afundishwe na njaa. Kisha Mutuku akaanza.

"Sikilizeni. Hakuna atakayewapigia simu kusema kesho tunakuja. Upekuzi ni wa ghafla, ndiyo kazi yake. Kitu cha kwanza, Emérance, muulize mgeni majina yake na ofisi yake. Uliza kwa heshima. Halafu omba kuiona hati."

"Na kama hana hati?" Emérance aliuliza.

"Basi si upekuzi. Labda ni mkaguzi wa leseni. Huyo ana haki zake, na mengine lazima mumwonyeshe. Labda anataka maongezi tu. Mwambie asubiri kidogo, kisha unipigie tujue ni nani. Lakini kama ana hati iliyosainiwa na jaji, hapo anaingia. Hamumzuii mlangoni. Hamfungi ufunguo. Hamkimbii, Wilondja."

Wilondja aliangalia viatu vyake. "Nikiona bunduki kiunoni, miguu haiulizi ruhusa," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakupa kazi. Mtu mwenye kazi hakimbii. Wewe, siku hiyo, utaomba wakuruhusu kwenda na wagonjwa. Wakikubali, unapita mlango wa mbele, polepole, mikono inaonekana."

Tharcisse alikohoa. "Na ile ya soda?"

"Mzee, ile ya soda ni kesi peke yake. Hata chai yenyewe iacheni. Hawa si wageni wenu. Hawakuja kula, na hawatakasirika mkiwanyima chakula."

Emérance alionekana kuumia kuliko wote. Kumnyima mtu chai ilikuwa kwake karibu na dhambi.

"Hati tunaisomaje?" Clothilde aliuliza. Sasa alikuwa amenyooka kitini.

"Angalia anwani. Je, ni ofisi hii? Angalia tarehe na sahihi ya jaji. Halafu angalia wametumwa kuchukua nini. Hati inasema wapi na nini. Wakitaka mahali pengine pasipoandikwa, unasema sikubali, lakini siwazuii. Maneno hayo mawili yaende pamoja. Unasema hukubali ili wakili apate la kusema baadaye. Na huwazuii kwa mikono, kwa sababu kuzuia ni kosa."

"Wakituuliza maswali?"

"Kila mtu ana haki ya kujibu na haki ya kunyamaza mpaka wakili afike. Msidanganye hata neno dogo. Uongo kwa mpelelezi ni kosa, hata kama hukuapa. Na wewe Mama Kethia, usiwakataze watu wako kuongea. Ni haki yao wenyewe kuchagua. Ukiwakataza, itaonekana unaficha."

Wilondja aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Wakichukua kompyuta, mimi nitajuaje nani anakwenda wapi?"

Hapo Mutuku alimgeukia Clothilde. Swali lile lilikuwa zito kuliko la jela. Mama yake Mutuku mwenyewe alikuwa miongoni mwa hao wagonjwa.

Clothilde ndiye aliyejibu. "Kila jioni nitachapisha safari za kesho. Kila dereva atakuwa na zake garini. Mitambo ichukuliwe, wagonjwa watafika."

Tangu siku ile walifanya mazoezi mara kwa mara. Mara Mutuku alikuwa afisa mpole, mara mkali. Namba yake ilibandikwa kwenye meza ya mapokezi. Emérance alijifunza kusema "Naomba kuona hati" bila kuongeza "na chai." Na Clothilde alijifunza jambo gumu kuliko yote. Mlango ukigongwa, anaweka simu mezani. Anaweka mikono yote miwili juu ya meza, mahali inapoonekana. Anahesabu pumzi zake. Mara ya kwanza mikono ilikimbilia kitenge. Aliirudisha mezani. Siku nyingine ikakimbia tena, akairudisha tena.

Tharcisse naye alitaka kusaidia. Asubuhi moja alimwambia mkewe, "Bon, kwa nini tusifute kabisa ujumbe wa zamani wa madereva? Hakuna mtu amekuja bado."

"Nestor alifuta wakiwa mlangoni, wewe unataka kufuta mapema," Clothilde alisema. "Muulize Mutuku kwanza."

Mutuku alijibu moja kwa moja. Kampuni inaweza kuwa na utaratibu wake wa kawaida wa kutunza na kuondoa karatasi za zamani, tena rekodi za malipo ya serikali zina muda wake wa kutunzwa kisheria. Lakini kufuta kwa sababu unahofia upelelezi ni kosa, hata kama mpelelezi bado yuko nyumbani kwake amelala. Tharcisse alirudi chini ya gari lake.

Walikuja Alhamisi asubuhi, mvua inanyesha. Magari meusi yalisimama mbele ya ofisi, yakafunga njia ya vani. Watu wenye vesti za kuzuia risasi walishuka. Wengine walizunguka kwenda mlango wa nyuma.

Emérance alisimama. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Habari za asubuhi. Naomba majina yenu na ofisi yenu. Naomba kuona hati."

Aliyeongoza alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi. Alitoa kitambulisho na hati. Emérance alimpigia Mutuku kabla hata hajaketi.

Clothilde aliona bunduki kiunoni mwa mtu aliyesimama karibu na mlango. Alisikia mkono wake wa kulia ukiondoka. Ulikuwa unakwenda kwenye simu, na kutoka kwenye simu ungekwenda kwenye kitenge. Aliuona mkono wake mwenyewe njiani. Akaurudisha. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akahesabu pumzi.

Kisha alisimama. Alichukua hati, akaisoma yote, na hakuharakishwa. Anwani ilikuwa yao. Sahihi ya jaji ilikuwepo. Walitaka rekodi za safari za kliniki moja ya kusafisha damu, kompyuta na simu za ofisi.

"Naomba nakala yangu," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Na naomba majina ya kila mtu aliyeingia."

Mwanamke yule alimtazama kidogo, kisha akaanza kumtajia. Clothilde aliandika moja baada ya jingine. Mwenye bunduki alipofikiwa, alisema jina lake na kulirudia herufi kwa herufi.

"Nina wagonjwa wanaosubiri," Clothilde aliendelea. "Wakikosa safari wanaweza kufa. Naomba madereva wangu watoke."

Wapelelezi walishauriana. Waliangalia ndani ya kila vani, wakasogeza magari yao. Wilondja alipita mlango wa mbele, polepole, mikono mbele ya kifua na karatasi ya safari mkononi. Alipofika kwenye vani, alisimama, akashika mlango, akavuta pumzi. Kisha akaondoka kwenda Arlington kumchukua bibi Mkamba.

Upekuzi ulichukua karibu siku nzima. Clothilde aliwafuata chumba kwa chumba bila kuwaingilia, akiandika walichogusa na walichobeba. Mpelelezi mmoja alisimama mbele ya stoo ya upande wa pili wa jengo. Tharcisse aliikodi kwa ajili ya vipuri vyake, na anwani yake ilikuwa nyingine.

"Tufungulie na hii," alisema.

Clothilde alikumbuka maneno mawili yanayokwenda pamoja. "Stoo hii haimo kwenye hati. Sikubali, lakini siwazuii."

Mpelelezi alikwenda kumuuliza kiongozi wake. Hakurudi tena kwenye stoo.

Walipotaka kumhoji Emérance, alimtazama Clothilde. Clothilde aliangalia dirishani makusudi, asije akamwamulia hata kwa macho.

"Nitaongea," Emérance alisema, "wakili akiwa hapa."

Mutuku alifika na miavuli miwili na uso uliochoka na barabara. Aliongea na wapelelezi, akaomba orodha ya vitu vyote vilivyochukuliwa. Walitoa. Clothilde aliilinganisha na alichoandika mwenyewe. Kulikuwa na kompyuta moja iliyosahauliwa. Aliwaonyesha, wakaiongeza.

Magari meusi yalipoondoka, meza zilikuwa tupu. Emérance aliketi, akaanza kulia. Tharcisse alikuja, akasimama karibu na mkewe. Mikono yake ilikuwa na grisi. Alimshika bega hivyohivyo, kitenge kikachafuka, na Clothilde hakujali.

"Nilikosea," Tharcisse alisema. "Haukuwa unatafuta maneno."

Baada ya muda simu ya Tharcisse iliita. Alikuwa Wilondja. Bibi ameshafika kliniki, ameshaunganishwa kwenye mashine, na analalamika kwamba kiti ni kigumu. Wagonjwa wengine pia walikuwa wamefika.

Miezi ilipita. Haikuwa miepesi, maana kufanya kazi bila kompyuta ni shida, na woga ulikaa nao mezani kila chakula. Kisha Mutuku alikuja mwenyewe ofisini kuwaeleza. Wapelelezi walikuwa wakiifuatilia ile kliniki, iliyodaiwa kuilipisha serikali matibabu ya watu ambao hawakufika kutibiwa. Rekodi za Mutambala zilionyesha wazi nani alibebwa na nani hakubebwa, kwa sababu hakuna neno lililofutwa. Kampuni haikushitakiwa kwa chochote. Kompyuta zilirudi.

"Mngefuta hata kidogo," Mutuku alisema, "wangeuliza mlifuta nini kingine. Na mimi nisingekuwa na jibu."

Emérance alikwenda jikoni, akarudi na chai. Siku hiyo ilikuwa ruhusa.

Mwaka uleule Clothilde aliendesha gari mpaka Houston. Nestor alikuwa bado anakwenda mahakamani, lakini aliwaita wenzake wenye kampuni ndogo, Wakongo, Warundi na Wakenya, kwenye ukumbi wa parokia. Alitaka wasikie kabla hawajapatwa. Yeye mwenyewe alikaa mstari wa mbele. Clothilde aliwaeleza yote, pamoja na aibu ya Jumapili ile ya pilau. Aliwafanyisha mazoezi. Aliwaambia kila mmoja atafute wakili wake sasa, kabla hajamhitaji, kwa sababu kila biashara ina mambo yake na yeye Clothilde si wakili.

Mwishoni mama mmoja alisimama. Alikuwa na kampuni ya kulea wazee, na mtoto mgongoni.

"Mama Kethia," aliuliza, "siku ile wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana," Clothilde alijibu. "Nilikimbia watu wenye bunduki nikiwa mtoto. Nikawakimbia nikiwa msichana. Niliwakimbia na Kethia mgongoni, kama wewe na huyo wako. Sikuwahi kujua jina la hata mmoja wao."

Aligeukia mstari wa mbele. Nestor alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alhamisi ile walikuja tena, na mimi sikukimbia. Niliwauliza majina yao. Na wakanitajia, mmoja mmoja, mpaka mwisho."